Mabua yachomwayo Songea na mkutano wa wataalamu wa Ulaya

KABLA ya mvua za Novemba, moshi ni jambo la kawaida katika mashamba ya mahindi wilayani Songea, mkoani Ruvuma. Kwa mkulima wa Maposeni, mabua yakishachomwa shamba linakuwa jeupe na jembe linapita bila kukwama. Wiki chache baadaye mkulima huyo huyo anajipanga dukani kununua urea.

Kinachopotea katika moshi huo ni sehemu ya kazi ya wataalamu wa jiokemia ogania, elimu ya mabaki ya viumbe hai katika udongo, matope na miamba. Mkutano wao wa kimataifa ulianza Milan, Italia, mwaka 1962, na hufanyika kila baada ya miaka miwili chini ya chama chao cha Ulaya, EAOG. Mwaka 2019 walikutana Gothenburg, Sweden, na mwaka 2023 Montpellier, Ufaransa.

Jina la fani hiyo linatisha kuliko fani yenyewe. Katika miaka ya 1930, Mjerumani Alfred Treibs aligundua ndani ya mafuta ya petroli alama za ile rangi ya kijani ya majani. Tangu hapo ikawa vigumu kubisha kwamba mafuta yalitokana na viumbe vilivyozikwa zamani.

Ruvuma nayo ina ushahidi wake. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, ambayo kampuni ya Tancoal ilianza kuyachimba mwaka 2011, ni mimea iliyozikwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Mwaka 2005 watafiti walitoboa tope la Ziwa Nyasa, na mafuta ya vijidudu yaliyohifadhiwa katika tope la ziwa hilo yamewawezesha kukadiria joto la maji yake enzi za kale.

Tope la ziwani hutunza mabaki kwa sababu hewa ni haba. Shambani ni kinyume chake. Udongo ukigeuzwa kila msimu hewa huingia, bakteria hula mboji, na kaboni hurudi angani. Kinachosalia ni kile kilichong'ang'ania kwenye chembe za mfinyanzi. Ndiyo maana shamba lisilorudishiwa kitu huchoka, na mbolea ya dukani huchuruzika na maji kwa kukosa cha kuishika.

Hebu tupige hesabu. Shamba lenye tani 4 za mabua makavu, kama nitrojeni ni asilimia 0.6, lina kilo 24 za nitrojeni. Mfuko wa urea wa kilo 50, wenye nitrojeni asilimia 46, una kilo 23. Moto hupeleka angani karibu nitrojeni yote hiyo. Majivu hubakiza potasi na fosfeti, nayo huweza kusombwa na mvua ya kwanza.

Wanaochoma si wajinga. Moto huua funza wa mabua, hufukuza panya na huokoa siku za kibarua. Isitoshe, mabua yakifukiwa mabichi karibu na kupanda, bakteria huinyang'anya mimea michanga nitrojeni na mahindi huwa ya njano. Aliyewahi kuona hivyo hawezi kulaumiwa akirudi kwenye kiberiti.

Dawa ni kuwahi. Mabua yakatwe vipande na kulazwa chini mara baada ya kuvuna ili jua liwakaushe funza walio ndani, au yarundikwe na samadi yawe mboji. Mabaki ya maharage huoza haraka zaidi, hivyo kuyachanganya na mabua kunasaidia.

Wamatengo wa Mbinga wanalijua jambo hili siku nyingi. Katika kilimo chao cha ngoro, nyasi hukatwa, hupangwa kwa mistari inayokatana na kufukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati, na kuacha vishimo vinavyoshika maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani waliuchunguza utaratibu huo miaka ya 1990.

Anayetaka kujua shamba lake limefikia wapi apime udongo. Achukue udongo sehemu 10 hadi 15 za shamba, kina cha sentimita 20, auchanganye katika ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, autandaze kivulini ukauke, kisha apeleke nusu kilo kupitia kwa bwana shamba. Aombe kaboni ipimwe pamoja na tindikali. Majirani wenye udongo wa aina moja wanaweza kuchangia gharama ya sampuli moja.