Kiwashio cha Jiko la Gesi Kinapogoma: Hatua za Usalama kwa Kila Kaya

Matumizi ya gesi ya mitungi yameingia katika kaya nyingi, kuanzia vilima vya Mbinga hadi Liuli, Lituhi na Mbamba Bay. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia unalenga kuwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Hata hivyo, jiko likikataa kuwaka, baadhi ya watumiaji hurudi kwenye mkaa, na wengine huzungusha swichi mara nyingi huku gesi ikijaa jikoni. Mara nyingi tatizo ni dogo na hurekebishika bila gharama.

Jinsi kiwashio kinavyofanya kazi

Majiko mengi ya mezani hayahitaji umeme. Swichi inapozungushwa, nyundo ndogo iliyo ndani hugonga kipande cha madini maalumu, na kishindo hicho huzalisha umeme wa maelfu ya volti kwa muda mfupi sana. Umeme huo hupita kwenye waya hadi kwenye pini yenye kauri nyeupe iliyo kando ya kichomeo, kisha huruka kama cheche na kuwasha gesi. Majiko mengine hutumia betri, nayo hutoa mlio wa mfululizo.

Sababu za kugoma

Uji, maziwa au mafuta yaliyomwagika huifunika pini, na unyevu huipitisha cheche mahali pasipotakiwa. Kwa hiyo jiko lililotoka kuoshwa huweza kugoma hadi likauke. Sababu nyingine ni kauri iliyopasuka, waya uliochomoka, betri iliyokwisha, au kifuniko cha kichomeo kilichokaa upande.

Usafi na ukaguzi

Kwanza, funga regulata ya mtungi na uache jiko lipoe. Ondoa vifuniko vya vichomeo, uvioshe kwa maji ya sabuni na uvikaushe kabisa. Pini isuguliwe taratibu kwa mswaki mkavu uliochakaa, kisha ifutwe kwa kitambaa kikavu, isipindwe. Matundu ya kichomeo yazibuliwe kwa kijiti, lakini tundu dogo linalotoa gesi lisichokonolewe kwa waya, kwani likipanuka moto huharibika.

Baada ya kurudisha vifuniko mahali pake, hakikisha hakuna harufu ya gesi, kisha zungusha swichi mtungi ukiwa bado umefungwa. Cheche ikionekana kwenye pini, kiwashio ni kizima. Kagua kiasi cha gesi, mpira na kichomeo. Mlio ukisikika bila cheche, au cheche ikiruka kutoka kwenye ufa wa kauri, kazi hiyo ni ya fundi.

Tahadhari

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni. Jiko lisipowaka ndani ya sekunde chache, funga swichi, fungua milango na madirisha, usubiri harufu iishe. Anayetumia kiberiti awashe njiti kwanza, ndipo afungue gesi.

Harufu kali huongezwa kwenye gesi makusudi ili uvujaji utambulike. Ikisikika wakati jiko limezimwa, funga mtungi, usiguse swichi ya taa wala kuwasha kiberiti, toa watu nje, kisha piga simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regulata. Mapovu yakifutuka, hapo panavuja. Kamwe usitafute kwa moto.

Wananchi wanahimizwa kuwaeleza hatua hizi vijana na wasaidizi wa nyumbani, kwa kuwa mara nyingi ndio wanaowasha jiko alfajiri.