Vidonge, Ukoo na Figo

Mkulima aliyeshinda shambani akichuma muguka huingia kemisti ya Siakago na kusema, "Nipe dawa ya mgongo." Hupewa diklofenaki au ibuprofeni, anapata nafuu, wiki ijayo anarudi. Kwa mwenye afya, siku mbili tatu za dawa hizi kwa kawaida hazina neno. Shida ni mazoea, tena katika eneo kame kama hili la Mbeere, ambako mtu hushinda juani bila kunywa maji ya kutosha.

Figo huchuja takribani lita 180 za majimaji kwa siku, na kazi hiyo hutegemea msukumo wa damu. Maji yakipungua mwilini, kemikali ziitwazo prostaglandini huupanua mshipa unaoingiza damu kwenye vichujio vya figo. Vidonge vile hutuliza maumivu kwa kuzizuia prostaglandini hizohizo. Mshipa hubana, damu hupungua, na mwenyewe hahisi chochote.

Wala vinavyoumiza figo si vya kumeza tu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60, watu wazima waliovimba mwili kwa sababu figo zilikuwa zikivujisha protini. Kati yao, 32 walikuwa wamejipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki.

Na ukoo je? Upo ugonjwa wa uvimbe wa majimaji unaojaa kwenye figo: kwa kawaida mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuurithi. Ipo pia jeni ya APOL1, ambayo mwaka 2010 ilihusishwa na ugonjwa wa figo. Aina zake mbili husaidia mwili kupambana na malale, lakini anayezirithi kwa baba na kwa mama huwa hatarini zaidi. Zimeenea zaidi Afrika Magharibi kuliko kwetu, kwa hiyo tusiibebeshe lawama zote.

Nina shaka na neno "ni ya ukoo" linalotamkwa upesi matangani. Watu wa boma moja hurithi jeni, ndiyo, lakini pia hugawana pakiti ya vidonge, na shinikizo la damu na sukari havikosekani. Aliyezaliwa na figo dhaifu ndiye vidonge humwumiza mapema.

Ukiwa na shinikizo, sukari au ndugu aliyewahi kusafishwa damu, mwambie mwuza dawa kabla hujalipa, kisha uombe hospitalini kipimo cha figo kiitwacho kreatinini.