Hiace ya Zamani, Injini Ipi?

Hiace za umbo la zamani, zilizoanza kuundwa mwaka wa 1989 na ambazo injini yake imelala chini ya viti vya mbele, bado zimejaa Embu, Chuka na Meru. Haziingii tena nchini, kwa kuwa Kenya hairuhusu kuagiza gari lililotumika kwa zaidi ya miaka minane. Zilizopo ni zilezile zilizobeba abiria 14 kwa miaka mingi. Sasa baadhi yake zinang'olewa viti, zinatiwa kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, na wenyewe wanakwenda kulala nazo katika Mbuga ya Meru au kando ya Bwawa la Kamburu.

Bodi mara nyingi ingali imara. Kilichochoka ni injini: moshi wa buluu asubuhi, oili inayopungua kila wiki, gari linaloomba gia ya kwanza kwenye mlima ambao lilikuwa likiupanda kwa gia ya tatu. Hapo mwenye gari huanza kushauriwa na kila mtu. Mmoja humwambia aweke turbo, mwingine injini ya petroli, wa tatu injini ya shark, yaani Hiace ya umbo jipya.

Kabla ya kumsikiliza yeyote, jua unachonunua. Injini haiji peke yake. Inaburuta giaboksi, rejeta, waya, busta ya breki na logibuku. Injini inayokulazimu kubadilisha vitu vichache zaidi ndiyo nafuu, na kwa barabara za mashariki mwa Mlima Kenya mara nyingi ndiyo bora pia.

Barabara inadai nini?

Ukitoka Embu kwenda Meru unakata mito inayoteremka kutoka mlimani: Thuci, Nithi, Mutonga na mingine midogo. Kila mto ni mteremko mkali, daraja, kisha mwinuko. Miji yote miwili iko juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na Meru inakaribia au kupita 1,500. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja ya saba. Injini isiyo na turbo huvuta hewa pungufu, kwa hiyo nguvu zake hupungua kwa kiwango kama hicho. Turbo huisukuma hewa ndani na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Hoja ya turbo basi ina msingi. Lakini pima na uzito. Abiria 14 wa kilo 70 kila mmoja ni karibu tani moja, kabla ya mizigo ya juu. Kitanda cha mbao, maji lita 80, bateri mbili, mtungi wa gesi na familia ya watu wanne havifiki hapo. Gari la kambi ni jepesi kuliko matatu iliyojaa, na matatu hiyo ilipanda milima hii kwa injini ya kawaida. Ikiwa yako haipandi, huenda injini si ndogo. Imechoka tu.

Kuifufua uliyo nayo

Ndiyo sababu chaguo la kwanza ni overholi. Silinda zinachongwa, zinawekwa pistoni za saizi kubwa kidogo, kranki inasagwa na kupewa beringi mpya, na silinda hedi inapimwa kama ina ufa. Kazi hii inaweza kufanyika Embu au Meru, na nambari ya injini haibadiliki kwa sababu imegongwa kwenye bloku. Hakuna karatasi ya kushughulikia. Overholi haifai pale bloku inapokuwa na ufa, au silinda zilipokwisha kuchongwa hadi saizi ya mwisho. Ikifanywa nusu, yaani ringi mpya ndani ya silinda zilizolika, moshi utarudi.

Ndugu wa familia moja

Chaguo la pili ni injini iliyotumika ya familia ileile. Toyota iliziwekea Hiace hizi dizeli za ukoo wa L: 2L ya sisi 2,446, 3L ya sisi 2,779 na 5L ya sisi 2,986. Mwenye 2L anaweza kupanda hadi 3L au 5L bila kuchomelea mauntingi mpya, na giaboksi yake ikabaki. Usitarajie miujiza: 3L ina nguvu-farasi kama 90, na 5L inaizidi kidogo tu. Faida iko kwingine. Pampu ya dizeli ya injini hizi inaongozwa kwa vyuma na springi, bila kompyuta. Ikishawaka, kitu kikubwa inachotaka kutoka kwa bateri ni umeme wa waya mmoja unaofungua dizeli kwenye pampu. Friji ikikumalizia bateri, au alternata ikifa ukiwa ndani ya mbuga, bado una nafasi nzuri ya kufika mji wa Maua. Pia ni nadra kukosa fundi anayeifahamu, hata Chogoria au Runyenjes.

Sharti lake ni taimingi belti. Toyota husema ibadilishwe kila kilomita 100,000, na injini iliyotumika haiji na historia. Badilisha belti kabla ya kuiwasha safari ya kwanza. Ikikatika, pistoni hugonga valvu, na umerudi pale ulipoanzia.

Turbo na kompyuta

Chaguo la tatu ni 1KZ-TE ya sisi 2,982, iliyowekwa na Toyota yenyewe kwenye baadhi ya Hiace za umbo hili. Ina nguvu-farasi kama 130, na msokoto wa newton-mita zinazokaribia 290, ukilinganisha na 188 za 3L. Mwinuko wa Nithi utaupanda ukizungumza. Lakini klachi ya 3L haikuundwa kwa msokoto huo, kwa hiyo tafuta injini inayouzwa pamoja na giaboksi, waya na kompyuta yake. Udhaifu wake mkubwa ni joto: ikichemka, silinda hedi hupata ufa. Na eneo letu lina mtihani wake kamili. Ukitoka lango la Murera la Mbuga ya Meru, kwenye joto la nyanda za chini, unapanda vilima vya Nyambene hadi Maua bila kupumzika. Rejeta kuukuu ya 2L haitahimili. Anayetaka 1KZ aweke bajeti ya rejeta kubwa, themostati mpya na geji ya joto inayosomeka.

Chaguo la nne ni 1KD-FTV ya shark. Ina msokoto wa newton-mita kama 300 na hunywa dizeli kwa adabu. Ila dizeli yake huingia kwa shinikizo linalozidi baa 1,000, kupitia injekta zinazoongozwa na kompyuta, na hata kanyagio la mafuta ni la stima. Injekta hizo hazivumilii dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo hailainishi pampu ipasavyo. Uchakachuaji huo ulienea hata serikali ikaweka, mwaka wa 2018, tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha. Kuihamishia 1KD kwenye bodi ya zamani ni kujenga gari upya. Kwa bajeti hiyo, nunua shark yenyewe.

Petroli, kwa mfano 1RZ ya sisi 1,998, iliwahi kuwekwa kwenye Hiace hizi na ni tulivu kuliko dizeli. Lakini haina turbo, ina msokoto mdogo chini, na itakunywea mafuta zaidi kwenye milima hii. Kuibadilisha dizeli kuwa petroli pia kunahitaji tangi lisafishwe na mfumo mzima wa mafuta ubadilishwe.

Usisahau breki

Kuna kifaa kimoja ambacho wengi hukigundua wakiwa wamechelewa. Kwenye 2L na 3L, busta ya breki hupata vakyumu kutoka kwa pampu ndogo iliyofungwa nyuma ya alternata. Petroli huipata kutoka kwenye njia ya hewa ya injini, kwa hiyo haina pampu hiyo. Ukileta injini ya dizeli yenye alternata isiyo na pampu, kanyagio la breki linakuwa gumu kama jiwe. Kwenye tambarare ya Mwea unaweza kuvumilia. Kwenye mteremko wa Nithi, ambako basi lilitumbukia Julai 2022 na kuua zaidi ya watu 30, huwezi. Papasa alternata kwa mkono uone kama ina bomba la vakyumu mgongoni kabla ya kulipa.

Kukagua na kusajili

Injini ya kununua ipimwe kompresheni ikiwa imepata joto. Kwa familia ya L, kitabu cha Toyota kinaweka kikomo cha chini karibu baa 20, na tofauti kati ya silinda isizidi 5. Kumbuka urefu wa Meru huishusha namba hiyo, kwa hiyo tofauti kati ya silinda husema mengi kuliko namba yenyewe. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma: moshi ukitoka kwa kishindo, ringi zimechoka. Ukiona ute wa rangi ya maziwa ndani ya kifuniko, maji yameingia kwenye oili.

Mwisho ni karatasi. Injini ikibadilika, NTSA, mamlaka inayosajili magari, lazima ijue: unaomba mabadiliko kupitia tovuti ya serikali ukiwa na stakabadhi ya ununuzi na karatasi za forodha, gari linakaguliwa, na logibuku inaandikwa nambari mpya. Muuzaji asiye na karatasi hizo anakuuzia matatizo, hata injini ikiwa nzuri. Polisi wakilinganisha nambari na zisilingane, au kampuni ya bima ikifanya hivyo baada ya ajali, gharama itakuwa yako.

Kwa wengi wenye Hiace ya kambi huku kwetu, basi, mpangilio ni huu: overholi ikiwa bloku ni nzima, 3L au 5L ikiwa si nzima, na 1KZ kwa anayepanda Nyambene mara kwa mara na yuko tayari kulipia upozaji. Fedha zinazobaki ziende kwenye breki na matairi. Baada ya kufunga injini yoyote, iendeshe polepole kilomita 1,000 za kwanza, ukianzia Embu hadi Chuka na kurudi, kisha mwaga oili, badilisha filta na kaza bolti za mauntingi kabla ya kupakia kitanda.