Kununua Nyumba Kisauni: Milki Kwanza

Wengi wanaotaka kununua nyumba katika vitongoji vya Mombasa, kama Kisauni na Likoni, hutujia wakiuliza juu ya bei. Sisi huwarudisha kwenye suali lililo kabla ya bei: muuzaji anamiliki nini?

Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria), katika Minhaj, ametaja masharti matano ya kinachouzwa: kiwe tohara, kiwe na manufaa, kiweze kukabidhiwa, kiwe milki ya muuzaji, na kijulikane. Mawili ya mwisho ndiyo yanayowaponza wanunuzi wetu.

Mombasa kuna ada ya "nyumba bila ardhi": jengo ni la huyu, kiwanja ni cha yule, na mwenye jengo hulipa kodi ya kiwanja. Kuuza jengo hilo kwafaa, madamu mnunuzi amebainishiwa. Akiuziwa pamoja na ardhi isiyo ya muuzaji, mauzo ya ardhi ni batili, naye ana hiari ya kuvunja mkataba.

Ama kiwanja cha wakfu hakiuziki. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Sayyidna Umar (r.a.) kwamba asili ya ardhi yake ya Khaybar isiuzwe, isitolewe hiba wala isirithiwe. Na katika mirathi isiyogawanywa, saini ya ndugu mmoja haiuzi mafungu ya wenziwe, sembuse ya mayatima.

Basi kabla ya kutoa pesa, tazama hati katika ofisi ya ardhi, uliza Tume ya Wakfu, waulize warithi na majirani. Aliyekosa nyumba hupata nyingine. Aliyekula haki ya yatima ana hesabu mbele ya Mola wake.

Wallahu aalam.