Adimu kule, jirani huku

Wandugu, munajua kuna ndege mdogo ambaye akionekana Uingereza, watu wanatoka mbali kwenda kumuangalia? Kwa Kifaransa anaitwa blongios nain. Ni wa jamaa ya koikoi na yangeyange, na Ulaya yote njo mdogo kabisa katika jamaa hiyo: urefu wake ni kama sentimita 35, uzito hauzidi gramu 150 hivi.

Anazaa kule Ulaya ndani ya matete, wakati wa joto yao. Kuanzia mwezi wa nane anashuka, anaruka usiku, anavuka Sahara, anakuja kukaa huku Afrika mpaka karibu mwezi wa tatu. Halafu anarudi.

Sasa Uingereza anafikaje? Kwa kawaida safari yake inaishia inchi za kusini kuliko pale. Lakini hewa ikiwa ya joto na upepo ukitoka kusini, wengine wanapitiliza. Njo maana kule wanaonekana zaidi mwezi wa nne mpaka wa sita.

Mimi neno «amepotea» silipendi sana hapa. Mwaka wa 1984 jozi moja ilizaa Yorkshire, mara ya kwanza kuhakikishwa katika inchi ile. Tangu 2010 wengine wamezaa Ham Wall, Somerset. Na pale Ham Wall palikuwa mashimo tu, watu wakichimba udongo. Kisha maji yakarudishwa, matete yakapandwa. Mgeni alipokuta nyumba, akabaki.

Huku kwetu tunafanya kinyume: tunakausha kinamasi juu ya kulima ama kujenga. Njaa ni ya kweli, silaumu mtu. Lakini tujue tunachokata: kuko wa kwetu pia, wanaokaa mwaka mzima, na mgeni wa Ulaya anawakuta humo. Dume la kwetu lina shingo nyekundu-kahawia. La Ulaya shingo yake imepauka. Ukikaribia, wote wanasimama wima, mdomo juu, kama tete. Unaweza kupita bila kuona kitu.

Basi wewe unayetafuta sujet ya TFC, usingoje laboratware kubwa. Chukua daftari, nenda kwenye matete asubuhi, andika tarehe, mahali, hesabu na rangi ya shingo. Wao wanaandika hata ndege mmoja aliyepitiliza. Sisi wenye nyumba yake tuandike pia.