Unga wa Nyama Nyekundu, na Yule Aupimaye

Nyama mbichi ikikaa hewani hugeuka rangi ikawa ya kahawia, lakini bekoni, soseji na nyama ya mkebe hubaki nyekundu hata baada ya kupikwa. Wako wasemao kwamba zimepakwa rangi. Sivyo, ni kazi ya chumvi iitwayo nitriti ya sodiamu.

Watu wa pwani waliijua shura, ile itiwayo katika baruti. Huko Ulaya shura hiyo ilitiwa katika nyama ya chumvi kwa karne nyingi, wala watu hawakujua kwa nini yafaa. Mwaka 1891 mtaalamu mmoja Mjerumani, Eduard Polenske, aligundua kwamba vijidudu vilivyomo katika maji ya chumvi huigeuza shura kuwa nitriti. Mwaka 1901 J. S. Haldane wa Uingereza akaeleza jinsi nitriti inavyoshikamana na wekundu wa nyama hata moto usiuondoe. Ndipo wenye viwanda walipoiacha shura pole pole, wakatumia nitriti yenyewe. Tena faida yake si rangi tu, kwa kuwa humzuia kijidudu wa botulizimu, ambaye sumu yake iliwaua watu wengi waliokula soseji mbovu.

Basi msomaji na atazame kipimo chake. Kwa sheria ya Marekani, nyama ya soseji ya kilo 100 haitiwi zaidi ya gramu 16 hivi za nitriti. Mlaji, kwa hiyo, hupata chembe tu, na hata hizo chembe zina mjadala wake, kwani mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba nyama za namna hii huleta saratani ya utumbo mkubwa. Habari hiyo imeandikwa sana. Isiyoandikwa sana ni habari ya yule alifunguaye gunia. Gunia moja la kilo 25 latosha nyama ya tani 160 hivi. Maana yake, kile watakachogawana walaji maelfu na maelfu, mfanya kazi mmoja hukishika asubuhi moja kwa mikono yake, na vumbi lake humrukia usoni.

Nitriti ikimezwa au ikiingia mwilini kwa wingi huiharibu damu, isiweze tena kuchukua hewa safi. Midomo na kucha hugeuka rangi ya samawati, kichwa huuma, mtu huzimia. Gramu chache tu zaweza kumwua mtu mzima. Ubaya wake ni kwamba kwa macho haipambanuki na chumvi ya mezani. Katika mji wa New York, mwezi wa Septemba 1944, wazee kumi na mmoja walipelekwa hospitali wakiwa na rangi ya samawati baada ya kula uji katika mkahawa mmoja, na mmoja wao akafa. Mpishi alikuwa ametia nitriti akidhani ni chumvi.

Wajerumani walikuwa wamekwisha pata misiba ya jinsi hiyo. Sheria yao ya mwaka 1934 ilikataza nitriti tupu kutiwa katika nyama. Sharti ije kiwandani imekwisha changanywa na chumvi, isizidi sehemu sita katika elfu. Ni shauri la busara sana, kwa maana mtu akikosea akatia mchanganyiko huo mwingi mno, chakula chenyewe hakilambiki kwa chumvi. Wamarekani nao huuza mchanganyiko wenye rangi ya waridi ili asiweko wa kuudhania chumvi ya kawaida.

Hatari ya pili ni moshi. Nitriti ikikutana na siki au asidi nyingine, hata ile asidi ya vitamini C itumiwayo katika kiwanda hicho hicho, hutoa moshi wa kahawia uharibuo mapafu. Aliyeuvuta aweza kukohoa kidogo, akajiona mzima, akaenda zake nyumbani. Kisha usiku pumzi zikamwishia, kwa sababu mapafu yamejaa maji. Mtu wa namna hiyo asingoje kupambazuke, apelekwe kwa daktari saa ile ile aliyovuta moshi. Kadhalika ghalani nitriti isiwekwe karibu na asidi, wala karibu na mbolea ya amonia, wala penye maranda na magunia makavu, maana huuchochea moto.

Mwaka 1906 Upton Sinclair alitoa kitabu cha kuonyesha taabu za watu wa viwanda vya nyama vya Chicago. Wasomaji walishtushwa zaidi na uchafu wa nyama waliyokula, na mwaka ule ule sheria ya ukaguzi wa nyama ikapitishwa. Sheria kuu ya nchi ile ya kumlinda mfanya kazi ilingoja hadi mwaka 1970.

Katika Kenya, sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yamlazimu mwajiri kuhakikisha kwamba vyombo vya kemikali vimeandikwa majina na hatari zake, na kuwapa wafanya kazi mafunzo na vifaa vya kujikinga. Mwezi wa Julai 2019 runinga ilitangaza kwamba maduka makubwa kadhaa yalikuwa yakitia nyama mbichi metabisulfaiti ya sodiamu, yaani chumvi ya kiberiti, ili ionekane ni ya leo. Wanunuzi walikasirika, na ni haki yao, kwa kuwa unga huo huficha uchakavu na kuiharibu vitamini B1. Lakini nani alitaja vijana waliokuwa wakiunyunyiza nyuma ya duka? Metabisulfaiti ikipata unyevu au asidi hutoa gesi ya kiberiti, ibanayo kifua, na mwenye pumu aweza kushikwa papo hapo. Kijana akiona kifua chabana kila siku ya kazi na kufunguka siku ya mapumziko, amweleze daktari jambo hilo, na kama aweza, amwonyeshe jina lililoandikwa juu ya mfuko.