Ghorofa katika Mtaa Tulivu: Sauti ya Jirani Mjini Nyeri

Katika mitaa ya Nyeri kama Kamakwa na King'ong'o, ambako nyumba nyingi zimezoea kuzungukwa na ua na bustani ya mboga, pendekezo la kujenga ghorofa tano au sita huzua hofu ambazo si za wivu, kama wenye ploti wanavyodai mara nyingi, bali zinahusu mwanga wa jua, faragha, barabara nyembamba, na hasa maji taka, kwa kuwa mabomba yaliyolazwa kwa ajili ya familia chache hayawezi kubeba mzigo wa familia arobaini. Kwa upande wa pili, vijana wanaotafuta chumba karibu na kazi, pamoja na warithi ambao shamba lao limegawanywa hadi likaisha, huliona jengo hilo kuwa nafuu, na hoja yao ni nzito.

Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 humtaka mwombaji wa kibali cha uendelezaji autangazie umma ombi lake, likiwemo la kubadilisha matumizi ya ardhi, yaani kuigeuza kutoka makazi ya familia moja kuwa ya wengi, ili wenye pingamizi waliwasilishe kwa kaunti. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 tu za kukata rufaa mbele ya kamati ya uhusiano ya kaunti, kisha katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Jirani asisubiri matingatinga. Aandike pingamizi lake mapema.